Mstari Mmoja Kwenye Jeli

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili katika maabara ya magonjwa ya mimea wakati mwalimu wangu aliponikabidhi sampuli mbili za Fusarium oxysporum f. sp. cubense, kuvu inayosababisha mnyauko wa migomba, ugonjwa ambao wengi wanaufahamu kwa jina la Panama. Kwa macho, na hata kwa darubini, sikuweza kusema ipi ilikuwa ya aina ya 1, iliyoangamiza mashamba ya ndizi za Gros Michel katika karne ya 20, na ipi ilikuwa TR4, yaani aina ya 4 ya tropiki, ambayo huua hata Cavendish, ndizi iliyopandwa badala yake.

Kuvu hii huingia kwa njia ya mizizi, ikapanda ndani ya mirija ya kusafirisha maji, na humo hutoa protini ndogo zinazoitwa SIX, ambazo ziligunduliwa kwanza katika utomvu wa mnyanya ulioambukizwa. Jeni ya mojawapo, SIX8, imo katika TR4, lakini katika aina ya 1 haimo. Hiyo ndiyo tuliyoitafuta.

Kuzalisha nakala za DNA na kuzipitisha kwenye jeli, ambamo vipande vya DNA hujitenga kwa ukubwa, kulikula sehemu kubwa ya siku, na sina la kusimulia hapo isipokuwa kungoja. Tulipowasha taa ya urujuanimno, safu ya sampuli moja ilikuwa na mstari mng'avu wa SIX8, na jirani yake ilikuwa tupu, ingawa jeni ya ulinganisho, ambayo aina zote mbili zinayo, ilionekana katika sampuli zote mbili, kwa hiyo utupu ule haukutokana na DNA mbovu.

"Tumeipata silaha yake, mwalimu," nilisema.

"Umeona jeni," alijibu. "Kazi yake hujaiona."

Kisha akanieleza habari ya SIX1, ambayo hadi leo naiona kuwa ya ajabu kuliko zote katika fani hii. Kwenye mnyanya, protini hiyo huisaidia kuvu kushambulia. Lakini mnyanya wenye jeni ya ukinzani iitwayo I-3 huitambua protini hiyohiyo na kuanza kujihami, hivi kwamba kinachomsaidia adui ndicho kinachomfichua. Kwa migomba, ushahidi wa kazi ulipatikana kwa kuiondoa SIX1 katika TR4: kuvu iliyobaki bila jeni hiyo iliidhuru Cavendish kwa kiwango kidogo zaidi. Jeli yetu haikuwa na ushahidi wa namna hiyo kuhusu SIX8.

Hata jina la TR4 lilikuwa bado mapema, kwa kuwa aina ya 4 ya nusutropiki nayo ina SIX8, ila mfuatano wake hutofautiana kidogo. Basi nikaandika daftarini kwamba SIX8 ipo, nikaacha nafasi ya jina la aina, na tukaipeleka ile DNA isomwe mfuatano wake.