Kabla ya kupiga kura, watuonyeshe fomu zao za kodi

Tarehe 1 Julai 2025, Seneti ya Marekani iligawanyika 50 kwa 50, na Makamu wa Rais JD Vance ndiye aliyeamua. Muswada mkubwa wa kodi ukapita, na siku tatu baadaye Rais Trump akautia saini. Mwaka 2003 Dick Cheney, makamu wa rais wa wakati huo, naye alipiga kura ya namna hiyo hiyo, ikapatikana sheria ya George W. Bush iliyoshusha kodi ya faida ya kuuza hisa kutoka asilimia 20 hadi 15. Kwa kura zote mbili nina swali moja: kila aliyesema "ndiyo" alijipunguzia kiasi gani?

Huwezi kupata jibu. Sheria ya mwaka 1978 inawataka wabunge wa Marekani watangaze mali zao kila mwaka, lakini kwa makadirio mapana mno. Mtu anaandika kwamba hisa zake zina thamani kati ya dola 1,000,001 na dola 5,000,000, basi, ametimiza wajibu. Kodi aliyolipa haimo kabisa. Tunajua mshahara wao tu, dola 174,000 kwa mwaka, ambao haujaongezwa tangu 2009. Kwa matajiri miongoni mwao, mshahara huo ni sehemu ndogo sana ya kipato chao.

Mimi kila msimu wa kodi hujitolea kuwajazia watu fomu bure. Wanaokuja ni wapishi, madereva, akina mama wanaowahudumia wazee majumbani. Mama anaketi, anatoa karatasi ya mwajiri, na mimi naanza kusoma makato. Kabla hata ya kufika kwenye kodi ya mapato, asilimia 7.65 imeshakatwa kwa ajili ya pensheni ya taifa na matibabu ya wazee, tena kuanzia dola ya kwanza aliyoitolea jasho. Makato ya pensheni yana kikomo: mwaka 2025 mshahara ukivuka dola 176,100, kinachozidi hakikatwi. Na anayeishi kwa faida ya hisa, faida hiyo haiguswi na makato haya hata kidogo. Watu wengi ninaowaeleza jambo hili hukaa kimya, kisha huniomba nirudie.

Mitt Romney alipogombea urais, Januari 2012 alitoa fomu zake. Mwaka 2010 alikuwa ameingiza takriban dola milioni 21.6 na kulipa asilimia 13.9 kama kodi ya mapato ya serikali kuu. Hakuvunja sheria yoyote, na hilo ndilo linaloniuma: sheria yenyewe ndiyo iliyoandikwa hivyo. Bilionea Warren Buffett alikuwa ameshasema mwaka 2011 kwamba alilipa asilimia 17.4, chini ya wote waliokuwa ofisini kwake.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini sitaki kumhukumu mtu kwa utajiri wake peke yake. John Kerry, ambaye familia yake ina mali nyingi sana, aligombea urais mwaka 2004 akiahidi kuwafutia punguzo la kodi wenye kipato cha zaidi ya dola 200,000, naye akiwa miongoni mwao. Kwa upande mwingine, mwaka 2017 Seneta Bob Corker aliupinga muswada wa kodi mara ya kwanza, kisha akauunga mkono ulipofika hatua ya mwisho ukiwa na kifungu kilichowanufaisha wamiliki wa majengo, na yeye alikuwa na majengo. Alisema hakukijua kifungu hicho. Moyo wa mtu siuoni, na sheria isitulazimishe kuukisia. Hesabu ingekuwa wazi kabla ya kura, mabishano yale yasingekuwepo.

Ninachokitaka ni hiki: muswada wowote wa kodi ukifika kwenye kura, kila mbunge, rais na makamu wake waweke hadharani fomu zao za mwaka uliopita, pamoja na hesabu ya kiasi watakachopunguziwa au kuongezewa. Ofisi ya bajeti ya Bunge tayari hufanya hesabu kama hizo kwa nchi nzima. Kwa sheria hii ya 2025 ilikadiria kwamba familia za fungu la chini kabisa, moja ya kumi ya wote, zitapoteza wastani wa dola 1,200 hivi kwa mwaka, hasa kwa kupunguzwa misaada ya matibabu na chakula, na zile za fungu la juu kabisa zitapata kama dola 13,600. Ikiwa hesabu ya mamilioni ya watu inawezekana, ya watu mia tano na zaidi haiwezi kushindikana.

Najua wapo watakaosema kodi ni siri ya mtu. Kwa raia wa kawaida nakubali kabisa, na fomu za wale ninaowahudumia nazilinda kwa moyo wote. Lakini mama yule anayehudumia wazee hana kura Seneti ya kujipunguzia makato yake. Wao wanayo, na kodi wanayoipigia kura ni yake pia.