Laptop mpya, winget na bando
Jana binamu yangu kaniletea laptop yake mpya ya Windows 11 nimwekee programu. Alidhani nitaanza kuzunguka tovuti moja baada ya nyingine, huku kitufe cha kupakua kimezungukwa na matangazo yanayofanana nacho. Wapi! Nikafungua Terminal (dirisha la kuandikia amri), nikaita winget, zana ya Windows ya kusakinisha programu kwa amri, nikaandika:

winget install VideoLAN.VLC

Ikapakua yenyewe, ikahakiki kwamba faili ni lile lile lililosajiliwa kwenye orodha ya winget, Windows ikaomba ruhusa, nikakubali, kwisha. Firefox, 7-Zip na LibreOffice zikafuata hivyo hivyo. Jamaa katoa macho akidhani nadukua kitu!

Kama hujui jina kamili, andika winget search vlc. Angalia safu ya Source: msstore maana yake inatoka kwenye duka la Microsoft, na huenda kuna jina linalofanana lakini la mtengenezaji mwingine kabisa. Mimi huchagua ile ambayo Source yake ni winget.

Nimemwachia pia orodha ya programu zake kwa winget export -o orodha.json, akibadili mashine ataziita zote kwa winget import. Ila winget upgrade --all, inayosasisha programu zote kwa mpigo, aiendeshe akiwa na Wi-Fi. Ile inakula bando bila huruma.