Mibuni 340

Jana usiku mwanangu aliniwekea karatasi mezani. Anachagua tahasusi ya kidato cha tano, naye alikuwa amepiga mstari katikati: PCB (fizikia, kemia na biolojia) kushoto, HGL (historia, jiografia na Kiingereza) kulia, kila sababu na alama yake, jumla chini. "Hesabu imekubali, Mama. Naenda PCB." Nikaitazama ile jumla aliyoipigia mistari miwili, mkono ukawa mzito kuishika karatasi.

Krismasi ya 2002 nilirudi nyumbani Kibosho, mlimani Kilimanjaro, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya. Mwaka uliotangulia, bei ya dunia ilishuka kuliko wakati wowote katika miaka 30 hivi. Vietnam ilikuwa imejaza kahawa sokoni, na ule mkataba wa kimataifa wa kugawiana viwango vya kuuza ulishavunjika tangu 1989. Sisi kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, tulichokiona ni kwamba dawa ya chulebuni, ule ugonjwa wa buni, imepanda na kahawa ya maganda tunayouza haina bei. Baba akanipa daftari lake la mauzo. "Wewe ndiye msomi wetu. Nipigie hesabu, tujue kama tuendelee nayo au tuing'oe."

Nilikaa nalo jikoni mpaka moto ukafa. Mibuni 340, kilo 87 za maganda. Dawa ya mrututu, palizi, kupogolea, vibarua. Nikaandika na kazi yetu sisi watoto, kila asubuhi ya kuchuma, nikaipa ujira wa mtu mzima. Fedha yote ya msimu haikufika ada ya mwaka ya mdogo wangu. Jibu lilikuwa hasara, na sikukosea kujumlisha.

Ila jibu nililijua kabla sijashika kalamu. Niliichukia kahawa. Niliichukia tangu darasa la tatu: ukungu wa Julai, debe kichwani, vidole vinavyonata ute baada ya kumenya, kisha mwalimu anakuuliza kwa nini umechelewa. Kwa hiyo sikuandika kwamba mwenye duka alitukopesha sukari na sabuni kwa sababu alijua tuna mibuni. Sikuandika kwamba bati lililokuwa juu ya kichwa changu usiku ule, Babu alilinunua kwa kahawa aliyoipeleka KNCU, chama chetu cha ushirika. Nilijiambia kwamba mambo hayo hayana safu ya kuyaweka.

Asubuhi Baba akavaa miwani, akaisoma karatasi yangu taratibu, kidole kikifuata kila mstari. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati. Siku ya pili baada ya Krismasi akatoka na jembe, panga na shoka.

Alipunguza matawi kwanza, akachimba kuzunguka shina, akakata mizizi ya pembeni, kisha akausukuma mbuni kwa bega mpaka mzizi mkuu ukaachia. Mimi nikikokota matawi hadi ukingoni mwa mfongo, mfereji wetu wa maji. Hatukuzungumza. Tukafika kwenye ule uliosimama karibu na masale, ile mimea iliyopandwa kwenye kaburi la Babu. Alikuwa ameupanda Babu mwenyewe. Shina lake lilikuwa nene kama paja la mtoto, na matawi yalishashika punje changa za kijani, ndogo kama vichwa vya kiberiti, zimejaa kila pingili. Baba akaweka shoka chini. Akashika tawi moja, akalipitisha kiganjani polepole kutoka shinani hadi nchani, vilevile anavyochuma, lakini vidole alivilegeza. Punje zikapita katikati ya vidole vyake moja moja. Haikudondoka hata moja.

"Baba, huu tuuache."

Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli: "Huu nao si uko kwenye ile hesabu?"

Ulikuwemo. Sikuwa na la kumjibu. Akainama, akaokota shoka.

Nyanya tulizopanda pale zilimlipia mdogo wangu ada miaka miwili. Bila hizo asingemaliza shule. Kisha 2011 bei ya arabika duniani ikapanda kuliko ilivyowahi kupanda kwa zaidi ya miaka 30, na majirani waliovumilia, wale waliokuwa wamepanda miche mipya ya kituo cha utafiti cha Lyamungu isiyougua chulebuni, wakaezeka nyumba zao upya. Mwaka huo ndipo nilipopata nguvu ya kumwuliza Baba kwa nini aliniamini.

"Mwanangu, namba nyingine sikuzielewa," alisema. "Lakini niliona mwandiko wako umenyooka, nikasema kumbe mtoto wangu amesoma kweli. Karatasi ile ningeirudishaje?"

Miaka yote ile nilidhani ni hesabu iliyong'oa kahawa ya Babu. Sasa sijui kama ilikuwa hasira yangu au ilikuwa fahari yake, na hilo sitamwuliza tena mtu yeyote, maana Baba naye amelala palepale kwenye masale.

Basi jana nikamrudishia mwanangu karatasi yake, sikuisahihisha. Nikamwuliza: "Kabla hujaandika alama ya kwanza, ulikuwa unaitaka ipi?"

Alinyamaza kitambo. Akachukua kifutio, akakishikilia juu ya safu ya kulia, na hakufuta.