Kura ya Mgombea wa Tatu Hupotea Wapi?

Kila uchaguzi wa rais wa Marekani unapokaribia, sisi Waswahili tunaoishi huku huanza kukaripiana juu ya jambo lile lile: je, anayempigia kura mgombea asiyetoka chama cha Democratic wala cha Republican anaitupa kura yake? Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyepata uraia wa nchi hii, ninaishi Portland katika jimbo la Maine, na jibu langu huwaudhi watu wa pande zote mbili. Kura hiyo haina thamani moja isiyobadilika. Thamani yake huamuliwa na kanuni ya kuhesabu, na kama kuna wa kulaumiwa, aanze aliyeitunga kanuni kabla hatujamfikia mpiga kura.

Mfano usiokosekana katika mabishano haya ni Florida mwaka 2000. George W. Bush wa Republican alimshinda Al Gore wa Democratic huko kwa kura 537, akachukua wajumbe wote 25 wa jimbo hilo wanaomchagua rais, na kwa wajumbe hao akaingia Ikulu. Ralph Nader wa chama cha Green alipata kura 97,488 katika jimbo hilo hilo, na tangu siku hiyo jina lake limekuwa tusi miongoni mwa wafuasi wengi wa Democratic, wanaoamini kura hizo zingemfaa Gore. Jambo linalosahaulika ni kwamba kila mmoja wa wagombea wadogo waliokuwa kwenye karatasi ya Florida, hata wale ambao majina yao hayakumbukwi na mtu leo, alipata zaidi ya kura 537. Lawama ikamwangukia Nader peke yake kwa sababu yeye ndiye aliyejulikana.

Hata hivyo siwezi kuwatetea wapiga kura wake wote kwa pamoja. Nader alikuwa akitafuta asilimia 5 ya kura za nchi nzima ili chama chake kistahili fedha za serikali ya shirikisho katika uchaguzi uliofuata, ingawa hakufikisha hata 3. Aliyempigia Texas au Massachusetts, majimbo ambayo mshindi wake alijulikana mapema, alichangia lengo hilo bila kuhatarisha chochote. Aliyempigia Florida, ikiwa kweli alimwona Gore kuwa afadhali kuliko Bush, alilipa bei kubwa kwa faida ndogo, na naona ni haki kumwambia hivyo. Wote wawili walimchagua mtu yule yule siku ile ile. Kilichowatofautisha ni mpaka wa jimbo.

Wakenya wenzangu hupotoka hapa kwa namna yao, kwa sababu wanakuja na hesabu ya nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, la sivyo wawili wa kwanza hurudi kwa duru ya pili. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kuwa amepata asilimia 50.07, yaani aliivuka nusu kwa kura zinazozidi 8,000 kidogo, katika uchaguzi ambao Musalia Mudavadi peke yake alipata zaidi ya 480,000. Raila Odinga alikwenda Mahakama ya Juu na matokeo yakaidhinishwa, lakini itazame hesabu yenyewe. Kila kura aliyopewa Martha Karua au Peter Kenneth iliupandisha ule mstari ambao aliyeongoza alipaswa kuuvuka. Kwa mpinzani wa Uhuru, kumchagua Karua hakukuwa kumsaidia Uhuru kama vile kumchagua Nader kulivyomsaidia Bush, kwa maana Florida haina mstari wa nusu: anayeongoza hata kwa kura moja amemaliza kazi.

Maine ilijifunza somo hili kwa uchungu, na hapa ndipo ninapopenda kulijadili. Mwaka 2010 Paul LePage wa Republican alichaguliwa kuwa gavana kwa takriban asilimia 38 ya kura. Aliyemfuata kwa karibu, akiachwa kwa chini ya asilimia 2, alikuwa Eliot Cutler, mgombea binafsi. Mgombea wa Democratic, Libby Mitchell, alibaki wa tatu kwa mbali. Sasa niambie, katika uchaguzi huo mharibifu wa kura, yaani aliyempunguzia mwenzake kura za kumshinda LePage, alikuwa nani? Wa Democratic walimnyooshea kidole Cutler kwa mazoea tu, ilhali kwa hesabu ni chama chao kilichokuwa cha tatu. Tena jimbo hili limewahi kumchagua Angus King, asiye na chama, kuwa gavana mara mbili, na tangu mwaka 2012 humpeleka Seneti ya Marekani.

Mwaka 2016 wananchi wa Maine walipitisha kwa kura ya maoni utaratibu wa kuwapanga wagombea. Karatasi ina majina kwenye mistari na safu za chaguo la kwanza, la pili, la tatu na kuendelea, nawe hujaza viduara kwa wino. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho huondolewa na kura zake huhamia kwa wale waliowekwa wa pili. Mwaka 2018, katika wilaya ya pili ya Maine ya kumchagua mbunge wa shirikisho, Bruce Poliquin wa Republican aliongoza mwanzoni kwa takriban kura 2,000; kura za wagombea binafsi wawili zilipogawanywa, Jared Golden wa Democratic akashinda kwa takriban 3,500. Poliquin alishtaki, na jaji wa shirikisho akakataa hoja zake.

Mama mmoja jirani yangu, mzaliwa wa Uvira, alinishikia karatasi ya mfano akiuliza kwa ukali kwa nini serikali inamtaka ampe adui yake nafasi ya pili. Nikamwambia, “Si lazima, mama, unaweza kujaza kimoja tu ukaacha.” Alifurahi, nami nikanyamaza kidogo, kwa kuwa kasoro ya utaratibu huu iko hapo hapo. Katika ule uchaguzi wa Golden, zaidi ya kura 8,000 hazikufika kwenye hesabu ya mwisho, nyingi zikiwa za watu waliojaza jina moja tu, la mgombea aliyeondolewa, wakaishia hapo. Nilimweleza hilo pia. Alishikilia kimoja chake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba gavana hayumo. Katiba ya jimbo inataka gavana achaguliwe kwa wingi wa kura tu, yaani anayeongoza ashinde hata asipofikisha nusu, na mwaka 2017 majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Maine walitoa maoni kwamba utaratibu mpya ungepingana nayo. Kwa hiyo siku moja, katika kibanda kimoja, kwa seneta na mbunge wa shirikisho humweka wa kwanza yule ninayemtaka hasa, awe na chama au asiwe nacho. Kwa gavana huanza kwa kukisia nani anaweza kushinda. Kuibadilisha katiba hiyo kunahitaji theluthi mbili za mabunge yote mawili na kisha wingi wa kura za wananchi, na jambo hilo ndilo ninalomuuliza kila mgombea ubunge wa jimbo anayebisha mlango wangu.