Sauti Ipo, Kitabu Hakipo

Kazi yangu ni kusoma prufu za vitabu vya Kiswahili vya shule. Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikikaa mbele ya tarakilishi, nyumbani kwangu Umoja au katika ofisi za wachapishaji, nikitafuta herufi iliyoruka, ritifaa iliyosahaulika kwenye neno ng'ombe na upatanisho wa kisarufi uliokosewa. Kwa hiyo mpwa wangu alipokuja kuishi nasi ili asomee Nairobi, akiwa Gredi ya 4, niliona kwamba kumsaidia kazi za shule jioni kungekuwa jambo jepesi kwangu kuliko kwa mtu mwingine yeyote nyumbani.

Jioni ya kwanza nilimpa ufahamu wa aya tatu ausome kwa sauti. Alifika kwenye sentensi iliyosema, "Wageni waliotutembelea walifurahi sana." Alisoma "wageni", akanyamaza, akaweka kidole chini ya neno la pili, akasema "wali... wali...", kisha akakisia "walitembea". Alirudi mwanzo mara nne. Aya hizo tatu zilituchukua karibu dakika 40, na alipomaliza hakukumbuka hata jambo moja lililosimuliwa humo, kwa kuwa nguvu zake zote zilikuwa zimeishia kwenye kuzitambua herufi. Baada ya chakula nilimsomea hadithi ileile mimi mwenyewe. Akanieleza yote, hata sababu iliyomfanya mgeni mmoja aage mapema, jambo ambalo mwandishi alilidokeza tu bila kulitaja.

Ripoti zake za shule aliyotoka zilirudia neno moja kila muhula: mzembe. Niliziweka mezani, nikazisoma zote kwa mpigo, na nakiri kwamba nilitokwa na machozi.

Tulimpeleka kwenye kituo cha tathmini. Vituo hivi vya kutathmini mahitaji ya kielimu ya watoto vimekuwapo nchini tangu mwaka 1984, na miaka miwili baadaye ilianzishwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, inayowafunza walimu wa elimu maalum na pia kufanya tathmini. Hata hivyo, wazazi wengi ninaozungumza nao mtaani hudhani kwamba huko hupelekwa tu mtoto asiyeona, asiyesikia au asiyeweza kutembea. Mwalimu aliyempokea mpwa wangu hakumpa kitabu chochote mwanzoni. Alimwambia, "Sema paka." "Paka." "Sasa liseme bila sauti ya kwanza." Mtoto akafikiri kwa muda mrefu, akajibu, "Ka." Alikuwa ameiondoa silabi nzima, kwa sababu kwake /p/ na /a/ hazikuwa vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa. Tuliambiwa ana disleksia, yaani ugumu wa kuhusisha sauti za lugha na herufi zinazoziwakilisha, ugumu ambao haumaanishi upungufu wa akili na ambao hautokani na macho wala na uvivu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Percy, ambaye alikuwa mwepesi wa kuelewa na mzuri katika hesabu, lakini hakuweza kusoma licha ya kufundishwa kwa miaka mingi. Mwalimu wake alisema kwamba Percy angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni kama mafunzo yote yangetolewa kwa mdomo. Kila ninapoikumbuka kauli hiyo, namkumbuka mpwa wangu akinisimulia kisa cha yule mgeni.

Watu huniuliza swali moja ambalo mimi, kama mtu wa Kiswahili, ninalielewa: ikiwa lugha yetu huandikwa jinsi inavyotamkwa, mtoto atashindwaje kuisoma? Ni kweli kwamba Kiswahili humsaidia. Akishajua ba, be, bi, bo, bu hatakutana na mshangao kama ule unaomngoja katika Kiingereza, ambako herufi zilezile hutamkwa kwa namna tatu au nne. Lakini wataalamu waliowalinganisha wasomaji wa Kiitaliano, lugha nyingine inayoandikwa kwa uwazi, na wale wa Kiingereza wameonyesha kwamba disleksia ipo kote kuwili, ila katika lugha za aina ya kwanza hujitokeza zaidi kama usomaji wa polepole kuliko kama makosa mengi. Nadhani hapa ndipo watoto wetu wanapopotea. Mtoto akikosea sana, mwalimu atashtuka. Akisoma sawasawa lakini kwa kujikokota, ataambiwa aongeze bidii.

Isitoshe, Kiswahili kina mzigo wake. Neno "waliotutembelea" limebeba mtenda, wakati, kirejeshi, mtendwa, mzizi na kauli, vyote vikiwa vimeshikamana bila nafasi hata moja. Tangu siku ile tumezoea kuyafunua maneno ya namna hii kwa kipande cha karatasi ngumu: naficha neno lote, kisha nalifungua hatua kwa hatua, wa, li, o, tu, tembelea, naye hutaja kila kipande kina kazi gani. Ni kazi ya polepole, na hakuna mashine inayoweza kuifanya badala ya mtu aliyeketi karibu na mtoto. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaouza karatasi za plastiki za rangi na miwani ya rangi, na wengine husifu maumbo maalum ya herufi, wakidai kwamba hivyo huondoa disleksia. Utafiti haujathibitisha madai hayo, na mzazi mwenye shilingi chache ana haki ya kulijua hilo kabla hajafungua pochi.

Kifaa kilichotusaidia kweli kilikuwa tayari mfukoni mwangu. Zamani mashine ya kusoma maandishi kwa sauti, kama ile aliyoizindua Ray Kurzweil nchini Marekani mwaka 1976 kwa ajili ya wasioona, ilikuwa na ukubwa wa meza. Siku hizi simu ya kawaida ina uwezo huo katika mipangilio yake ya ufikivu, yaani ile ya kuwasaidia watumiaji wenye ulemavu. Nilipoiwasha mara ya kwanza sikujua kwamba sauti iliyochaguliwa ilikuwa ya Kiingereza. Ilifika kwenye "alienda", ikasoma kana kwamba inaanza na neno la Kiingereza la kiumbe wa sayari nyingine. "Wale" ikawa "weil" na "pale" ikawa "peil". Mtoto akanitazama. "Mjomba, mbona inasoma kama mzungu?" Alikuwa amekata tamaa, na kwa wiki mbili alikataa kuigusa.

Sauti za Kiswahili zipo. Kampuni ya Microsoft imetengeneza mbili za Kiswahili cha Kenya, Zuri na Rafiki, na mbili za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi. Nayo Google ina sauti yake ya Kiswahili, na tangu mwaka 2017 imekuwa ikikubali pia Kiswahili katika uandishi wa kuzungumza, ambapo mtoto hutamka insha na simu ikaiandika. Mpwa wangu alimchagua Zuri. Tunapunguza kasi, kila neno linawekewa rangi linaposomwa, naye hufuata kwa macho. Hajaacha kusoma, kama wengine walivyohofia; anasoma pamoja na mtu asiyechoka na asiyemkemea. Maneno aliyoyasikia yakisomwa mara tano jioni, asubuhi huyatambua kwenye karatasi kwa haraka zaidi.

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike. Sauti tunayo, lakini vitabu vya kusomwa na sauti hiyo hatuna. Kitabu chake cha Kiswahili kimechapishwa kwenye karatasi, na simu haisomi karatasi mpaka uipige picha. Nilijaribu. Ukurasa ulikuwa na picha ya soko katikati na maandishi pande zote mbili, na simu ikasoma kwa mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, ikachanganya nusu ya sentensi ya kushoto na nusu ya sentensi ya kulia, ikaingiza "Zoezi la 3" kati ya maneno ya mhusika, na ritifaa ya ng'ombe ikatoweka. Mtoto asiye na tatizo la kusoma angecheka na kurekebisha. Mtoto mwenye disleksia hana namna ya kujua ni wapi mashine imekosea.

Na mimi najua, kwa sababu ndiyo kazi yangu, kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitabu hivyo kilichoanza maisha yake kwenye karatasi. Kila kitabu ni faili kwanza. Nimezisoma faili hizo usiku na mchana, nikazirudisha zikiwa safi, kila aya mahali pake, kila neno likiwa tayari kusomwa na sauti yoyote. Zimekaa kwenye tarakilishi za wachapishaji.

Nilimwomba mchapishaji mmoja faili ya kitabu ambacho mimi mwenyewe nilikisoma prufu. Nilijibiwa kwa upole kwamba haiwezekani, kwa kuwa ikitoka itafika kwa wanaochapa vitabu vya wizi. Siichukulii hofu hiyo kwa wepesi. Vitabu bandia vinapojaa sokoni, hata ujira wangu hupungua. Lakini wezi hao huiga kitabu kilichokwisha chapwa, kinachouzwa kila duka. Kumnyima mtoto faili hakuwazuii.

Sheria nayo imekwisha kufika mbali kuliko desturi zetu. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu vitabu vigeuzwe katika muundo unaofikika bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, na hauwataji wasioona pekee: unawataja pia wenye ulemavu wa kusoma. Mwaka 2019 sheria yetu ya hakimiliki ilirekebishwa ili kuupa mkataba huo nafasi. Lakini ruhusa ya kugeuza kitabu si sawa na kukabidhiwa faili, na hapo katikati ndipo tulipokwama. Ningependa kila kitabu kinapoidhinishwa kutumiwa shuleni, mchapishaji awe anakabidhi pamoja nacho nakala inayosomeka kwa sauti, ihifadhiwe mahali ambapo mwalimu wa mtoto aliyetathminiwa anaweza kuipata. Ni kazi ya siku moja kwa mtu kama mimi, na ningeifanya bila malipo.

Shule yake mpya haikubali simu darasani, na sizilaumu sababu zake. Mwalimu wake wa Kiswahili, mwenye darasa la watoto zaidi ya 50, amejitolea kumsomea maswali kando na kupokea majibu yake kwa mdomo kila anapopata nafasi. Nafasi huwa haba. Siku asiyoipata, mtoto hurudi na karatasi tupu, na huwa sihitaji kumuuliza.

Kwa hiyo nyumbani tumeamua hivi. Mkataba unamruhusu mlezi kumtengenezea anayehitaji nakala yake binafsi kutoka kwenye kitabu alichokipata kihalali. Kila usiku, baada ya kazi yangu ya mchana, nachapa upya kurasa mbili za kitabu chake cha Kiswahili, neno kwa neno, kitabu ambacho faili yake ilipita mikononi mwangu, nikihakikisha kwamba kila ritifaa ipo. Asubuhi, kabla basi la shule halijafika, yeye na Zuri huzisoma pamoja mezani huku chai ikipoa. Kitabu kina kurasa 152. Leo tumefika ukurasa wa 47.