Nyumba ya mawe haitaki saruji

Ingia nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, Unguja, uhesabu hatua kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake haupiti sana mita 3. Mwenye nyumba hakupenda iwe hivyo. Boriti ndizo zilizoamua. Miti ya mikoko hulazwa ukuta hadi ukuta, juu yake mawe bapa, kisha zege ya chokaa iliyopigwapigwa mpaka ikashikana. Mkoko ukizidi urefu huo, hupinda kwa mzigo.

Kuta zina unene wa nusu mita na zaidi: mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa. Jiwe la tumbawe lina vitundu, linanywa maji na kuyatoa. Lipu ya chokaa huyaruhusu yatoke. Lipu ya saruji huyafungia ndani. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unayeyusha chumvi, chumvi inaganda nyuma ya saruji, inatanuka, na siku moja lipu inabanduka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Huku nyuma udongo katikati ya ukuta unalainika na kushuka. Ukiona ukuta umetoa tumbo, kazi hiyo ilishaanza zamani. Gonga lipu kwa ngumi: ikilia kama debe tupu, imeachana na ukuta.

Basi anzia juu, si kwenye ufa unaokukera macho. Paa na mifereji kwanza, kwa sababu mfereji mmoja uliotoboka hulowesha ukuta mzima kila msimu wa masika. Mti ulioota kwenye ufa usiung'oe kwa nguvu, utatoka na mawe. Ukate, uue mzizi, ndipo uzibe kwa mawe madogo na chokaa.

Boriti huoza vichwani, pale zilipoingia ukutani. Chomeka bisibisi: ikizama kama kwenye mkate, boriti hiyo imekwisha hata kama katikati inaonekana nzima. Weka miti ya kuegemeza pande zote mbili, kuanzia sakafu ya chini kabisa, kisha badilisha boriti moja moja. Mpya iwe imekauka vizuri, na kichwa chake kiachiwe nafasi ya hewa badala ya kuzungushiwa saruji. Kuondoa boriti zote na kumwaga zege ya nondo ni kosa kubwa kuliko yote. Kuta hizi hazikujengwa kwa uzito huo. Zikichoka, huanguka ghafla: sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 la Sultan Barghash, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ukarabati ukiendelea.

Chokaa inataka subira, na hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Zima chokaa hai, yaani iliyochomwa na haijatiwa maji, kwa kuitia kidogo kidogo ndani ya maji (ukimwagia maji juu yake itakurukia machoni), ichuje, iache chini ya maji wiki kadhaa, ikikaa miezi ni bora zaidi. Changanya chokaa 1 kwa mchanga 3. Mchanga uwe wa kuchimbwa mbali na bahari, wenye chembe kali, uliooshwa. Wa ufukweni unaleta chumvi ileile unayoikimbia. Bandua saruji yote ya zamani, lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi sentimita 1, ngoja lishike kwa siku kadhaa ndipo upige jingine. Funika kwa magunia yenye maji kwa wiki nzima. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa polepole ikiwa na unyevu. Jua likiiwahi inageuka unga, ukipitisha kidole kinatoka cheupe.

Kabla ya yote hayo, chukua kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na dirisha au mlango haubadilishwi kiholela.

Rangi ya mafuta na ya plastiki ziache dukani. Paka chokaa nyembamba kama maziwa, mikono mitatu au minne, kila mmoja ukauke kwanza. Ule mwepesi unaokaribia maji ndio unaong'ang'ania. Mzito hupasuka na kubanduka kama magamba. Mita moja ya chini itachakaa mapema kuliko kwingine, na hiyo utairudia.