Mkono, sindano na sahani za marehemu baba

Sahani za santuri alizoniachia marehemu baba zinapita mia, na karibu zote ni zile ndogo za inchi 7, za mizunguko 45 kwa dakika. Nyingi ni taarab ya hapa hapa Mombasa, zenye lebo ya Mzuri ya kina Assanand. Nyingine ni dansi iliyotolewa Nairobi kwa lebo za Polydor na Philips. Tangu ninunue mashine ya kuzipigia, miaka minne sasa, nimekuwa nikizisikiliza kwa huzuni. Taishokoto, kile chombo cha nyuzi chenye vitufe, ikipigwa kwa nguvu, sauti inapasuka. Mwimbaji akitamka "s", ni kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Na kadiri sindano inavyosogea katikati ndivyo mambo yanavyozidi, hata ubeti wa mwisho unausikia kwa kuujua tu. Nikajiambia zimekwisha. Zilipigwa kwenye rediogramu yenye sindano nzito, harusi baada ya harusi. Zitabakiwa na nini?

Nilizihukumu kabla ya kuikagua mashine yenyewe. Wiki sita hizi nimeikagua, na naandika nilichokuta, makosa yangu yakiwemo, kwa ajili ya yeyote mwenye sanduku la 45 kama langu.

Wiki ya kwanza

Mashine ni Technics SL-1200MK2, niliyoinunua kwa DJ aliyehamia kwenye kompyuta. Mota haina neno, sinia linazunguka bila kuyumba. Shughuli ilikuwa kwenye mkono, ule unaobeba sindano. Nilipolegeza kola na kuchomoa hedisheli, kile kichwa cha mbele ya mkono, nilikuta vile vijiti vinne vya kupitishia sauti vimefanya weusi. Anayeishi karibu na bahari anajua kazi ya chumvi. Nikavisugua kwa kifutio cha penseli, nikamalizia kwa pamba na spiriti, na usiku ule ule spika ya kulia, iliyokuwa ikizima na kuwaka kwa mwaka mzima, ikatulia.

Kisha egemeo la mkono. Unashika hedisheli kwa vidole viwili na kuitikisa taratibu sana, mbele na nyuma. Egemeo likiwa limelegea, vidole vinahisi kugonga kidogo. Wangu haukugonga, kwa hiyo skrubu za pale sikuzigusa, na nakuomba nawe usiziguse bila sababu. Ukizikaza kupita kiasi mkono unabanwa, na mkono uliobanwa unaitafuna sahani.

Wiki ya pili: katriji mpya

Katriji ni kile kikasha kidogo kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Nimechagua Ortofon 2M Red. Binamu yangu aliye Dubai alikuja nayo alipokuja likizo. Sababu kubwa ni kwamba mwili wake ni ule ule wa 2M Blue. Ukitaka kupanda daraja unabadilisha sindano tu, hufungui skrubu wala nyaya.

Kabla ya kununua nilipiga hesabu moja ambayo wengi huiruka. Mkono na katriji hucheza pamoja kama kitu kilichoning'inizwa kwenye springi, na mchezo huo una kasi yake. Unataka iwe kati ya hetsi (mitetemo kwa sekunde) 8 na 12: chini ya hapo sahani iliyopinda huurusha mkono, juu zaidi unaanza kuingilia besi. Unachukua uzito wa mkono unaohesabika, ambao kwa Technics ni gramu 12, unaongeza katriji gramu 7.2 na skrubu zake, inafika kama gramu 20. Unazidisha kwa ulaini wa sindano, ambao kwa 2M Red ni 20. Inakuwa 400. Kipeuo cha pili chake ni 20, na 159, namba ya kudumu ya hesabu hii, ukigawanya kwa 20 unapata karibu 8. Imeingia, lakini mlangoni. Ndiyo maana nilipopewa hedisheli ya mbao, nzuri sana kwa macho, nzito kwa gramu 5 zaidi, niliirudisha kwa shukrani. Nayo ningeshuka hadi hetsi 7, na sahani za baba si nyoofu.

Kufunga kulinichukua jioni nzima. Nyaya nne ni nyembamba kama uzi: nyeupe na buluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Nikazivisha kwa kibanio, nikapiga sahani ya kwanza, na sauti ikawa haina kifua. Besi imekimbia, mwimbaji hayuko katikati wala pembeni. Nikabonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya, kinachounganisha pande mbili kuwa sauti moja, nikitumaini itajikusanya. Mwimbaji akatoweka! Zikabaki chakarachakara za vumbi na mvumo, na nyuma yake kivuli cha udi.

Nilikuwa nimebadilisha nyekundu na kijani. Upande mmoja ulikuwa ukisukuma pale mwingine unapovuta, na kwa kuwa sahani hizi nyingi ni za mono, pande mbili zilipounganishwa zilifutana. Nilipotulia nikaona kosa hilo ni kipimo. Kama sindano imesimama wima sawasawa, pande mbili zinalingana na mwimbaji hufutika karibu kabisa. Ikiinama upande, anabaki anasikika. Basi kabla ya kurekebisha nyaya nikaweka kipande cha karatasi nyembamba chini ya upande mmoja wa katriji, nikasikiliza, nikakitoa, nikaweka chembamba zaidi, mpaka sauti ya mwimbaji ikafifia kuliko mwanzo. Si kipimo kamili, maana katriji yenyewe inaweza kuwa na nguvu kidogo zaidi upande mmoja. Nikahakikisha kwa kioo kidogo kilicholazwa juu ya sinia: sindano na kivuli chake viliunda mstari mmoja. Ndipo nikarudisha nyaya mahali pake.

Wiki ya tatu: uzito

Ortofon wanataka sindano ikandamize sahani kwa gramu 1.8. Nilisawazisha mkono ukaelea, nikazungusha gurudumu la nyuma hadi 1.8, nikaridhika. Sauti bado ilipasuka.

Nikanunua kamizani kadogo ka sindano, nikaenda nako kwa sonara wa mtaani kwetu tukalinganishe na mizani yake ya dhahabu. Kalikuwa sahihi. Nikarudi nikapima: gramu 1.4. Nilikuwa nimeusawazisha mkono huku kile kifuniko cha plastiki cha sindano kikiwa bado kimevaa! Nilipokivua, uzito wake ukaondoka nacho. Sindano nyepesi kupita kiasi haibaki kwenye mfuo, ule mfereji mwembamba wa sahani. Panapokuja sauti kali inaruka na kugonga kuta, na huko kugonga ndiko kunakoharibu sahani. Watu huogopa uzito na kupunguza wakidhani wanaihurumia sahani. Nilikuwa mmoja wao, na imeniuma.

Gramu 1.8 za kweli, antiskeiti nikaiweka kwenye 1.8 vilevile ili mkono usivutwe kuelekea katikati, na urefu wa mkono nikaurekebisha kwa ile ringi ya chini hadi mkono ukalala sambamba na sahani. Taishokoto ikakaa sawa kwa mara ya kwanza. Ubeti wa mwisho, bado.

Wiki ya nne: pembe

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko kote.

Mashine iliyochonga sahani husafirisha kichwa chake kwa mstari ulionyooka. Mkono wetu hugeuka kwenye egemeo, hivyo huchora tao. Sindano hulingana kabisa na mfuo mahali pawili tu, na kwingine kote inakwenda imepinda kidogo. Kazi yako ni kuchagua mahali hapo pawili. Ushauri unaosambaa zaidi ni mpangilio wa Baerwald: milimita 66 na 120.9 kutoka katikati. Nikachapisha kipimapembe chake, nikasogeza katriji mbele karibu milimita 3, nikaizungusha kidogo, jasho linanitoka. Sahani kubwa moja niliyo nayo ikasikika vizuri sana. Za baba zikawa mbaya kuliko jana yake.

Nikakaa na kalamu. Baerwald kwa kawaida hupangwa kwa sahani kubwa, ambayo muziki wake huanza kama milimita 146 kutoka katikati na kuishia kama 60. Sahani ya inchi 7 huanza kama 84 na inaweza kuingia hadi 54. Ile alama ya 120.9 iko nje ya sahani yangu kabisa, inapima hewa. Na ile ya 66 hupitwa mapema, halafu kosa linaongezeka hadi mwisho. Kwa mkono huu, ambao egemeo lake liko milimita 215 kutoka katikati ya sinia, nilipata kwamba pale kwenye 54 sindano inakuwa imepinda nyuzi 2.

Mpangilio wa Technics wenyewe, milimita 52 kutoka kitako cha hedisheli hadi ncha ya sindano, katriji imenyooka ndani yake, hulinganisha sindano kwenye 58.8 na 113.5. Pale kwenye 54 kosa ni nyuzi 0.7 tu. Mwanzoni mwa sahani mipangilio yote miwili inakosea takriban nyuzi 1, kwa hiyo sipotezi kitu. Mwisho ndio muhimu, kwa sababu huko mfuo hupita chini ya sindano polepole: kutoka karibu milimita 396 kwa sekunde pembeni hadi 254 karibu na katikati. Mawimbi ya sauti hubanana, na kosa dogo la pembe husikika kubwa.

Nikarudisha katriji kwenye 52. Ubeti wa mwisho ukafunguka, na kibwagizo kinachorudiwa huku sauti ikipunguzwa nikakisikia hadi kilipozama.

Mwenye sahani kubwa tupu aendelee na Baerwald, hatakosea. Mwenye 45 apime sahani zake kwanza, ndipo achague.

Wiki ya sita

Sindano ya Blue imefika. Umbo la ncha ni lile lile, ila kwenye Red kipande cha almasi hugundishwa kwenye kijiti cha chuma, na kwenye Blue ncha nzima ni almasi, hivyo ni nyepesi na hugeuka upesi. Tofauti ipo, hasa kwenye "s" na kwenye pumzi ya mwimbaji kabla ya kuanza mstari. Lakini nasema kweli: haifikii nusu ya kile nilichopata kwa mizani na kipimapembe. Kama pesa ni za kitu kimoja, anza na mizani.

Kuna sahani 11 ambazo zimeharibika kweli. Kuta za mfuo zimeliwa na hakuna mpangilio utakaozirudisha. Nimezitenga. Zilizobaki zote ni nzima, na zimekuwa nzima wakati wote huu.

Jana baada ya isha ami yangu alipita. Nikamwamkia, nikamkalisha kiti cha katikati, nikaweka moja ya zile za Mzuri aliyoijua tangu ujanani. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipofika karibu na mwisho akainua mkono.

"Simamisha. Rudisha hapo nyuma kidogo, mwanangu."

Nikarudisha.

"Hiyo dumbak," akasema. "Baba yako alikuwa akiifuatisha mezani kwa vidole, mama yako anamgombeza. Sijaisikia tangu siku zile."

Sahani ilipokwisha, akainuka mwenyewe, akaishika kwa kingo bila kugusa mifuo, akaigeuza upande wa pili.